Kutoka Mti hadi Uti: Mandhari katika Uchoraji wa Piet Mondrian

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi mchoraji Mholanzi Piet Mondrian (1872–1944) alivyobadilisha namna yake ya kuchora mandhari katika kipindi cha takribani miaka hamsini. Kwa watu wengi jina la Mondrian huleta akilini kitu kimoja tu: turubai nyeupe iliyogawanywa kwa mistari myeusi iliyonyooka, na ndani ya baadhi ya vyumba vilivyofanywa na mistari hiyo, rangi nyekundu, manjano au buluu. Picha za namna hiyo zimenakiliwa mno. Mwaka 1965 mshonaji maarufu wa Paris, Yves Saint Laurent, alizifanya magauni, na tangu hapo zimeonekana juu ya vikombe, mikoba na karatasi za kufungia zawadi. Kunakiliwa huko kumefunika ukweli mmoja wa maisha yake, yaani kwamba hadi alipokaribia umri wa miaka arobaini, Mondrian alikuwa kwanza kabisa mchoraji wa mandhari: mito, vinu vya upepo, mazizi, miti ya kando ya maji na mashamba wakati wa magharibi.

Suala linalojitokeza ni hili. Je, Mondrian alipoifikia mistari yake aliiacha mandhari, au alikuwa bado anaichora kwa njia nyingine? Jibu lililozoeleka ni kwamba aliiacha, tena kwa makusudi, na masimulizi kadhaa husaidia kulitilia nguvu jibu hilo. Husimuliwa kwamba mezani kwa rafiki aliomba kubadilishana kiti ili asiione miti iliyokuwa nje ya dirisha. Inajulikana pia kwamba katika studio yake ya Paris aliweka ua moja la bandia, ambalo jani lake alikuwa amelipaka rangi nyeupe ili kuondoa kijani. Mtu wa namna hiyo, husemwa, hakuwa na haja tena na nchi wala majani yake.

Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini linachanganya mambo mawili ambayo mwanafunzi wa lugha amezoea kuyatenganisha, nayo ni kitu chenyewe na uhusiano uliomo kati ya kitu na kitu. Kabla ya kuziangalia picha, basi, si vibaya kuanza na maneno.

2.0 Neno na Kitu

Kiingereza, ambacho kwacho sehemu kubwa ya maandishi juu ya sanaa hutufikia, hakikuwa na neno lake chenyewe la kutaja picha ya nchi. Kililikopa kutoka Kiholanzi mwishoni mwa karne ya 16, pamoja na picha zenyewe. Neno la Kiholanzi ni landschap. Limeundwa kwa nomino yenye maana ya ardhi na kiambishi tamati kinachotaja hali au jumla ya kitu, na maana yake ya awali ilikuwa eneo la nchi, kipande cha ardhi chenye mipaka na watu wake. Maana ya picha ilikuja baadaye, wachoraji walipohitaji jina la kazi yao. Kwa hiyo Mondrian alizaliwa ndani ya lugha iliyoipa dunia neno hili, na ndani ya lugha hiyo mandhari huanza na ardhi.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Neno mandhari limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Mandhari, kwa asili yake, ni kile kinachotazamwa, au mahali pa kutazamia. Ardhi haimo ndani ya neno hilo hata kidogo. Kilichomo ni jicho. Wahakiki wetu wa fasihi wamelitumia vyema kwa kutaja mazingira ya hadithi, hata yale yasiyo na shamba wala mlima, kwa mfano chumba kimoja cha kupanga mjini. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupatia nadharia. Mandhari na nadharia ni ndugu: la kwanza ni kutazama kwa jicho, la pili ni kutazama kwa akili.

Hapana budi kutoa tahadhari. Asili ya neno si amri juu ya fikra za wale wanaolitumia, na msemaji wa Kiswahili anaposema "mandhari ya kuvutia" hana habari na mizizi ya Kiarabu. Hata hivyo, tofauti ya majina haya mawili inatoa chombo cha uchambuzi. Inawezekana kuyasoma maisha ya Mondrian kama safari ya kutoka kwenye landschap, yaani nchi iliyopo pale, hadi kwenye mandhari, yaani utazamaji wenyewe, na hatimaye hadi kwenye nadharia.

3.0 Miaka ya Mwanzo

Mondrian alizaliwa Amersfoort tarehe 7 Machi 1872, akakulia Winterswijk, karibu na mpaka wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambaye pia alifundisha kuchora. Ami yake, Frits, alikuwa mchoraji wa mandhari. Kijana alipata kwanza vyeti vya kufundisha somo la kuchora, kisha mwaka 1892 akaingia chuo cha sanaa cha taifa mjini Amsterdam. Kwa miaka mingi aliishi kwa kufundisha watu binafsi na kunakili picha za makumbusho, na siku alizopata nafasi alitoka nje ya mji kwenda kuchora kandokando ya mto mdogo uitwao Gein.

Picha za wakati huo hazina lolote la kushangaza. Ni za kijivu na hudhurungi, na zinafuata desturi ya wachoraji wa Den Haag wa kizazi kilichotangulia. Mchunguzi mwenye subira huona, hata hivyo, kwamba tangu mapema Mondrian alipenda kurudia kitu kilekile. Zizi moja lililo karibu na Duivendrecht alilichora mara nyingi. Katika picha za jioni za mwaka 1907 na 1908 miti inasimama ukingoni mwa Gein, mwezi uko nyuma yake, na maji yanairudisha miti hiyo chini juu. Giza limefuta majani, magome na nyasi. Yaliyobaki ni mambo mawili, ukingo uliolala na mashina yaliyosimama. Hakuna aliyeweza wakati huo kujua kwamba mambo hayo mawili yangetosha kumshughulisha mtu maisha yake yote, na hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alijua.

4.0 Rangi Kuachana na Kitu

Mwaka 1908 Mondrian alikwenda kwa mara ya kwanza Domburg, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Zeeland, ambako wachoraji kadhaa walikuwa wakikusanyika wakati wa kiangazi chini ya uongozi usio rasmi wa Jan Toorop. Mwanga wa pwani ile, pamoja na habari za uchoraji mpya wa Ufaransa zilizokuwa zikifika Uholanzi, uliyavunja mazoea yake ya kijivu. Kinu chake cha mwaka 1908 kinachoangaziwa na jua kimechorwa karibu chote kwa nyekundu, manjano na buluu. Katika picha ya mti wa jioni, aliyoianza mwaka huohuo na kuimaliza mwaka 1910, shina na matawi ni mekundu mbele ya anga la buluu, na matawi yametanda hadi kwenye kingo za turubai kana kwamba mti unataka kushika picha nzima. Mwezi Januari 1909 kazi hizi na nyingine zilioneshwa katika jumba la Stedelijk mjini Amsterdam pamoja na za Spoor na Sluijters. Wahakiki kadhaa walizilaani vikali.

Kilichowaudhi si vigumu kukieleza. Hakuna mti mwekundu wa namna ile. Rangi ilikuwa imeacha kuwa sifa ya kitu, ikawa sifa ya picha. Nyekundu ya mti haielezi gome. Inaeleza kwamba mti si anga. Mwanaisimu anaweza kulifahamu jambo hili kwa urahisi zaidi kuliko wahakiki wale. Sauti /p/ na /b/ hazina maana yoyote zenyewe, na hakuna mfanano wowote kati ya /b/ na ndege aitwaye bata. Lakini badilisha moja kwa nyingine, na pata imekuwa bata. Thamani ya fonimu imo katika kutofautiana kwake na jirani yake. Kitabu cha Saussure kilichoeneza fikra hiyo kilichapishwa mwaka 1916, miaka kadhaa baada ya mti mwekundu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mmoja alimsoma mwenziwe. Fikra fulani huwa zimeiva katika zama fulani, na watu wa nyanja mbalimbali huzichuma kila mmoja kwa mkono wake.

Kuna jambo lingine la miaka hii ambalo waandishi wengine huliona haya. Mwaka 1909 Mondrian alijiunga na Chama cha Theosofia, na aliamini kwa dhati kwamba nyuma ya maumbile yanayoonekana upo mpangilio wa kiroho ambao sanaa inaweza kuufunua. Si lazima msomaji akubali imani hiyo. Lakini akiiondoa kabisa hataweza kueleza kwa nini mchoraji huyu hakuridhika na mafanikio ya rangi, ambayo yangemtosha mchoraji mwingine yeyote.

5.0 Mti na Uti

Mwaka 1911 yalifanyika Amsterdam maonyesho ambamo kazi za Picasso na Braque zilitundikwa, na mwanzoni mwa mwaka 1912 Mondrian, aliyekuwa na umri wa karibu miaka arobaini, alihamia Paris. Aliliandika upya hata jina lake: Mondriaan wa nyumbani akawa Mondrian. Kutoka kwa wachoraji wa kubizimu alijifunza kuvunja kitu vipandevipande na kuvisambaza vipande hivyo juu ya turubai. Lakini wakati Picasso na Braque walivunja gitaa, chupa na sura za watu, Mondrian alichukua mti.

Katika mti wa kijivu wa mwaka 1911, rangi imerudi nyuma tena na matawi yamekuwa mikunjo mizito ya upinde. Katika mti wa tofaa wenye maua wa mwaka 1912 mtazamaji asiyeambiwa jina la picha pengine asitambue kwamba anatazama mti. Kuna mapinde mafupi yanayokutana na kuachana, mengi yakielekea kulala, machache yakisimama katikati. Zikiwekwa pamoja na mti mwekundu, picha hizi tatu huoneshwa katika vitabu vingi kama ngazi iliyonyooka: mti, nusu mti, si mti.

Ni hapo ndipo istilahi zetu zinapoweza ama kusaidia ama kupotosha. Picha za hatua ya mwisho huitwa kwa kawaida michoro dhahania. Neno dhahania limetokana na dhihini, yaani akili, na katika mazungumzo ya kila siku linakaribia maana ya kitu cha kubuni kisicho na mwenzake duniani. Likieleweka hivyo, mti wa mwaka 1912 unakuwa ndoto tu. Lakini wanasarufi wamelitumia neno hilohilo kwa uangalifu zaidi. Nomino dhahania utu haikubuniwa hewani. Imetokana na mtu kwa kubadilisha kiambishi, shina likabaki lilelile. Anayesema utu hajamkimbia mtu. Ametaja kile kinachomfanya awe mtu.

Je, shina -ti nalo laweza kufanyiwa hivyo? Laweza, na lugha imekwisha kulifanya. Ukiliondolea m- ukalipa u- unapata uti, neno linalotaja kitu kirefu, chembamba na kilichonyooka, na ambalo leo hutumika zaidi kwa uti wa mgongo. Uti si mti wa kufikirika. Ni kile ambacho mti na mgongo hushirikiana: kusimama, na kubebesha vingine vyote juu ya kusimama huko. Mondrian hakujua Kiswahili, lakini kazi aliyoifanya kati ya mwaka 1908 na 1914 haielezeki kwa ufupi zaidi ya hivyo. Alibadilisha kiambishi akaliacha shina. (Ulinganisho huu, kama ulinganisho wowote, una mwisho wake. Uti wa mgongo umefichwa na nyama, ilhali Mondrian aliondoa nyama yote, na wako watazamaji ambao hadi leo hawajamsamehe.)

6.0 Bahari na Nyota

Kiangazi cha mwaka 1914 Mondrian alirudi Uholanzi kumtazama baba yake aliyekuwa mgonjwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, na safari ya majuma machache ikawa ya miaka mitano. Baba alifariki mwaka 1915. Mchoraji alikaa kwa muda Domburg, kisha Laren, akiwa ametengwa na studio yake ya Paris na picha alizoziacha humo. Kwa maoni ya makala haya miaka hii mitano ndiyo kiini cha suala zima, kwa sababu mchoraji aliyekwisha kufika mbali katika udhahania alirudishwa kwa nguvu mbele ya mandhari ya kwao, na inaonekana wazi alifanya nini nayo.

Alitazama bahari. Katika mfululizo wa michoro ya makaa iliyofanywa mwaka 1914 na 1915 anachora safu za magogo zinazoingia baharini kutoka pwani ya Domburg ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Michoro hii imo ndani ya umbo la yai. Upande wa chini, katikati, mistari ya wima inapanda: ni magogo. Kutoka hapo kwenda juu na kandokando kuna mistari mifupi ya mlalo, mingi mno, na kila mahali mstari mfupi wa wima unaukata ule wa mlalo na kufanya alama kama ya kujumlisha. Pengine mlalo unabaki peke yake kama alama ya kutoa. Mfululizo huu ulikamilika katika picha ya mafuta ya mwaka 1915, nyeusi juu ya nyeupe, iliyopo sasa katika Makumbusho ya Kröller-Müller huko Otterlo.

Katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaandika huko Marekani miaka mingi baadaye, Mondrian alieleza kwamba alipotazama bahari, mbingu na nyota alitafuta kuonesha kazi ya vitu hivyo kwa wingi wa mistari ya wima na mlalo inayokatana. Neno la kutilia maanani hapo ni kazi. Katika picha hii hakuna wimbi lililochorwa, wala nyota, lakini kila alama imewekwa kwa kupima nguvu mbili zilizokuwa zikionekana kweli pale pwani: ule uliolala, yaani bahari na upeo wake, na ule uliosimama, yaani magogo na mwanga ushukao juu ya maji. Mtu aliyewahi kukaa ufukweni usiku wa mbalamwezi, Domburg au Bagamoyo, anajua kwamba jicho haliyaoni maji kwa hakika. Linaona vipande vya mwanga vinavyokatana na kutoweka. Picha ya mwaka 1915 ni aminifu kwa utazamaji huo kuliko picha nyingi zenye mawimbi ya buluu.

Kuna maelezo mepesi ambayo hurudiwa mara kwa mara kuhusu chanzo cha mistari hii. Husemwa kwamba Uholanzi ni nchi tambarare, sehemu yake kubwa imekaushwa kutoka majini na kukatwa kwa mifereji iliyonyooka (bonde la Beemster, lililokaushwa mwaka 1612, limegawanywa kama ubao wa dama), na hivyo Mondrian hakufanya zaidi ya kuichora nchi yake ikitazamwa kutoka angani. Maelezo haya yanavutia lakini hayasimami. Gein ni mto unaopindapinda. Domburg ni nchi ya vilima vya mchanga. Mistari ya wima na mlalo ilitokea kwanza katika miti, bahari, kuta za majengo ya Paris yaliyokuwa yakibomolewa karibu na studio yake, na mbele ya kanisa la Domburg. Haikutokea katika mashamba ya mraba, ambayo hakuyachora kutoka juu hata mara moja. Kama nchi ingetosha kumfanya mtu achore hivyo, Waholanzi wote wangekuwa Mondrian.

Huko Laren alikutana na mchoraji Bart van der Leck, aliyekuwa akitumia rangi bapa zisizochanganywa, na pia na mwanafalsafa Schoenmaekers, ambaye alifundisha kwamba ulimwengu umejengwa juu ya mielekeo miwili inayopingana, mlalo na wima, na juu ya rangi tatu. Mafundisho hayo hayakumpa Mondrian mistari, kwani alikuwa nayo tayari. Yalimpa ujasiri. Mwezi Oktoba 1917 Theo van Doesburg alianzisha jarida la De Stijl, na toleo la kwanza kabisa lilikuwa na sehemu ya kwanza ya insha ndefu ya Mondrian kuhusu kile alichokiita nieuwe beelding. Istilahi hii imewasumbua wafasiri. Kiingereza na Kifaransa viliitafsiri kwa neno linalotokana na mzizi wa Kigiriki wa kufinyanga, na matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo hufikiri habari za plastiki. Kiholanzi kinasema kitu rahisi zaidi, yaani uundaji mpya wa taswira.

Hata hivyo ngazi iliyonyooka ya vitabu haikuwapo. Mwaka 1916 au karibu yake, baada ya picha ya bahari, Mondrian alilichora tena zizi la Duivendrecht, pamoja na miti yake na kivuli chake majini, kwa namna aliyokuwa akilichora miaka kumi iliyopita. Alihitaji fedha, na wanunuzi walitaka zizi. Katika miaka ya 1920 alichora maua kwa sababu hiyohiyo. Waandishi wanaotaka shujaa asiyetazama nyuma hulipita jambo hili haraka. Lakini mtu anayeweza kuzungumza lahaja mbili kwa wakati mmoja hajasahau ya kwanza, na inafaa kuzingatiwa kwamba aliyeichora bahari kwa alama za kujumlisha hakuwa ameshindwa kuichora vinginevyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1919. Katika mwaka huo alichora picha mbili zilizogawanywa kwa vyumba vidogo vilivyo sawa kabisa, kama ubao wa sataranji, moja ya rangi nzito na nyingine ya rangi nyepesi. Mtazamaji angeapa kwamba hapa mandhari imekwisha. Lakini katika barua aliyompelekea van Doesburg mwaka huohuo, Mondrian alimweleza kwamba alikuwa akishughulikia picha itakayolijenga upya anga lenye nyota, ingawa bila kuanzia kwenye kitu chochote cha maumbile. Sentensi hiyo inajipinga, na ndani ya kujipinga kwake umo ukweli wote wa hali yake. Nyota hazikuwa kielelezo cha kunakiliwa, lakini hakupata jina jingine la kile alichokuwa akikitafuta.

7.0 Matembezi ya Watu Watatu

Mondrian alirudi Paris mwezi Juni 1919, na katika mwaka huo na uliofuata De Stijl ilichapisha andiko lake ambalo halisomwi inavyostahili. Limeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo. Watu watatu wanatembea pamoja: mpenzi wa sanaa asiye mchoraji, mchoraji wa maumbile, na mchoraji ambaye Mondrian anamwita wa udhahania-halisi. Jina hilo peke yake linatosha kuonesha kwamba kwake dhahania na halisi havikuwa maadui. Wanaanza jioni katika nchi tambarare yenye upeo mpana na mwezi juu. Wanapita miti iliyo nyeusi mbele ya mbalamwezi, ufuko wa bahari chini ya nyota, kinu cha upepo, bustani yenye miti iliyokatwa kwa mpangilio, na kanisa lililo gizani. Mwisho wanaingia studio ya yule mchoraji wa tatu.

Orodha hiyo ya vituo ni orodha ya picha zake mwenyewe, karibu kwa mfuatano wa miaka. Aliyeiacha mandhari ameitembeza tena kwa maandishi, kituo baada ya kituo, ili kuwaeleza wasomaji alikopita. Na mjadala unaoanza katika kituo cha kwanza unafaa kufundishiwa hata leo. Wa kwanza anasifu uzuri wa mahali. Wa pili anasifu kina cha rangi. Wa tatu anataja utulivu. Anapoulizwa utulivu huo umetoka wapi, hautaji mwezi wala shamba, bali uhusiano uliopo kati ya mstari uliolala na kile kinachokabiliana nao kutoka juu. Kwa maneno ya uwanja wetu, wa kwanza ametaja maana, wa pili ametaja sauti, wa tatu ametaja sarufi.

Picha zilizofuata, zenye mistari myeusi, uwanja mweupe na rangi tatu, ndizo zilizompa umaarufu, na hazihitaji maelezo marefu hapa. Inatosha kusema kwamba zimejengwa juu ya ukinzani wa namna ileile, na kwamba hazina usawa wa pande mbili kama watu wanavyodhani. Mraba mwekundu ulio mkubwa pembeni husawazishwa na kipande kidogo cha buluu kilicho mbali nao. Van Doesburg alipoanza kutumia mstari wa mshazari, katikati ya miaka ya 1920, Mondrian aliachana na De Stijl. Sababu nyingine zilikuwapo, lakini ile ya mshazari ina mantiki yake: upeo wa macho haulali kimshazari.

8.0 Majina ya Miji

Kwa karibu miaka ishirini picha zake nyingi hazikuwa na majina bali ziliitwa tu "komposisheni", na mara nyingi zikapewa herufi au tarakimu. Mwezi Septemba 1938, akiona vita vinakaribia, alihamia London. Bomu lilipoanguka karibu na makazi yake mwaka 1940 alipanda meli kwenda New York. Alikuwa na umri wa miaka 68. Huko ndiko majina yaliporudi, na mengi ni ya mahali: uwanja wa Place de la Concorde wa Paris, uwanja wa Trafalgar wa London, na New York yenyewe. Mwandishi wa kazi hizi hakueleza sana kwa nini, na haifai kudai kwamba picha iitwayo kwa jina la Trafalgar inaonesha sanamu ya Nelson. Lakini mtu ambaye hana haja na mahali haipi picha yake jina la mahali alipohama.

Katika Broadway Boogie Woogie, ya mwaka 1942 hadi 1943, mistari myeusi imetoweka. Njia za manjano zinakatana, na ndani yake vipande vidogo vya nyekundu, buluu na kijivu vinarukaruka. Jina linaunganisha barabara na muziki aliopenda kuucheza. Watazamaji wengi huona humo mitaa ya Manhattan na taa zake, na kwa safari hii hawajakosea sana. Kwa njia ndefu mchoraji alikuwa amerejea kwenye kazi yake ya awali ya kusimama mbele ya mahali na kupatazama. Tofauti ni kwamba mahali penyewe sasa palikuwa pameumbwa na watu, kwa wima na mlalo, kiasi kwamba hakuhitaji tena kuondoa nyama ili auone uti.

Alifariki New York tarehe 1 Februari 1944. Miongoni mwa kazi zilizobaki ipo moja ya mwaka 1941 ambayo haina rangi ya mafuta katika mistari yake; ni utepe wa karatasi wenye gundi, mwekundu, wa manjano na wa buluu, uliobandikwa juu ya turubai, kwa sababu utepe ulimwezesha kuhamisha mstari mara nyingi kabla ya kuamua. Picha hiyo iko Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 1945 ilitundikwa katika maonyesho New York huku mistari iliyosongamana ikiwa upande wa chini, na ikaendelea kutundikwa hivyo kila mahali. Mwaka 2022 mtunzaji mmoja wa makumbusho hayo alionesha kwamba huenda iko juu chini. Katika picha ya studio ya Mondrian iliyochapishwa na jarida moja la Kimarekani mwaka 1944, kazi hiyo imesimama juu ya kigoda chake cha kuchorea na mistari iliyosongamana iko juu, kama ilivyo katika picha ya mafuta inayofanana nayo iliyopo Paris.

Magazeti yalicheka kwamba kwa miaka zaidi ya sabini na mitano hakuna aliyetambua. Kicheko hicho kinaonesha jambo ambalo hakikukusudia. Swali la juu na chini haliwezi kuulizwa juu ya pambo la kitambaa, kwa kuwa pambo halina upande. Linaulizwa juu ya mandhari. Aliyesema kwamba mistari iliyosongamana inapaswa kuwa juu alikuwa anasema, kwa hakika, kwamba huko ndiko iliko mbingu ya picha hiyo, na waliozoea kuitundika kinyume walikuwa wakiona ardhi nzito chini na anga wazi juu, kama mtu anayetazama kutoka ukingo wa Gein. Makumbusho yaliamua kutoigeuza. Utepe umekauka na kulegea, na uzito ukihamia upande mwingine, mistari inaweza kubanduka.